Ati ni ya Asili? Basi Sema Ina Nini Ndani

Wacha niseme na mwenye kukasirika akasirike: neno "asili" ndilo uongo unaouzika vizuri zaidi Nairobi saa hii.

Panda matatu ya Kangemi au 46 ya Kawangware kabla haijajaa. Kuna jamaa atasimama hapo mbele na mkoba: poda ya kusafisha damu, matone ya nguvu za kiume, vidonge vya kuyeyusha kitambi. Shuka River Road, ni hayo hayo. Fungua simu, ni hayo hayo tena, ila sasa yameshikwa na mrembo wa Westlands mwenye taa nzuri. Wimbo ni mmoja: haina kemikali, inatoa sumu mwilini.

Kwanza, kila kitu kina kemikali, hata sukuma wiki. Pili, hiyo kazi ya kutoa sumu ina mwenyewe: ini, likisaidiwa na figo. Unachomeza kikishanyonywa tumboni, damu inakipitisha kwa ini kabla kifike kwingine. Ini linakivunja, na mara nyingine vile vipande ndivyo vyenye sumu kuliko kitu chenyewe.

Chukua chai ya kijani. Kikombe hakina noma. Lakini mwaka wa 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliangalia kiambato chake kinachoitwa EGCG. Wanaokunywa chai yenyewe hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 kwa siku. Vidonge vingine hufika 1,000. Kuanzia 800 kwa siku za vidonge, vipimo vya damu vinaanza kuonyesha ini linaumia. Mmea ni ule ule, kipimo ndicho kimebadilika. Na msiniambie hayo ni ya wazungu: kule Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa 2012 ulihusisha baadhi ya mitishamba ya kienyeji na makovu kwenye ini.

Sipingi mitishamba. Dawa ya malaria tunayopewa hospitali ilianzia kwa mmea, artemisia. Ikachujwa, ikapimwa, ukaambiwa vidonge vingapi na saa ngapi. Ninachopinga ni chupa isiyosema ina nini. Bidhaa hizi zinafaa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muulize muuzaji nambari ya usajili uone atakavyogeuka mshairi.

Nyinyi wenzangu wa kutengeneza video ndio mnanikera zaidi. Hizo ofa hata mimi huletewa. Nilimuuliza mmoja kuna nini ndani, akajibu, "Siri ya nyanya." Siri ya nyanya, na bado unataka niwauzie watu nisiowajua? Kati yao kuna anayemeza dawa za TB, ambazo zenyewe zinaweza kuumiza ini. Mwingine ana homa ya ini ya B na hajui. Wewe unakula komisheni, yeye anaanza kuwashwa mwili mzima, na mnamwambia ni sumu inatoka. Manze, hapo ndipo mnanimaliza: kila dalili mbaya mnaiita uponyaji.

Wewe ambaye macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, wacha hicho kitu leo, si Jumatatu. Enda hospitali na chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu, na umtajie daktari kila unachomeza. Akikugombeza, agombeze tu.