Tumtazame na Mbeba Maji



Kila mwezi wa Februari, watu wa Mvumi wanapokuwa katika palizi, majirani zetu wa Rwanda huendesha Tour du Rwanda, mbio za baiskeli ambazo miaka ya karibuni huchukua siku nane. Vijana wetu kadhaa huzifuatilia kwa simu, nasi pia humo. Lakini tukiyasikiliza maongezi yao, swali huwa ni moja tu: nani kashinda leo? Kwa maoni yetu, anayeuliza hilo peke yake hajafuatilia mbio, amesoma tangazo.

Mbio za namna hii hukimbiwa kwa hatua, hatua moja kwa siku, na muda wa kila siku hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye huvaa jezi ya njano. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alitwaa Tour de France ya mwaka 2017 bila kushinda hata hatua moja kati ya zote 21. Je, aliwezaje? Walikuwapo waliomkinga na upepo, kwa maana anayepanda baiskeli nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi mno, na aliye mbele ndiye anayezilipa. Yupo anayerudi nyuma hadi kwenye gari la timu, akajaza chupa za maji ndani ya jezi yake mpaka mgongo ukavimba, kisha akaanza kulifukuza kundi ili awagawie wenziwe. Kiongozi akipata pancha, huyo huyo humpa gurudumu lake, naye hubaki kando ya barabara akisubiri gari. Wafaransa humwita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Jioni, jina lake huonekana chini kabisa ya orodha.

Mwaka 2024 Afrika nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi, pale Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France na kuitwaa jezi ya kijani ya pointi, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Katika hatua ya 16, kuelekea Nîmes, alianguka. Milima ilikuwa bado mbele yake, na jezi ile aliilinda mpaka Nice. Timu moja ilikuwa na watu wanane. Ni nani kati yetu awezaye kuwataja hata wawili kati ya wale saba wengine?

Na hapa tuwasifu Wanyarwanda. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2018 vijana wao walishinda Tour du Rwanda kila mwaka: Ndayisenga mara mbili, Nsengimana, Areruya na Mugisha. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, na ushindani wa wageni ukawa mkali zaidi. Tangu hapo hadi mwaka 2025 hakuna mwana wa nyumbani aliyetwaa taji. Wapo waliotuambia kwamba Wanyarwanda wamejiponza wenyewe. Sisi hatukubaliani nao. Watu wale wangali wakijaa kando ya barabara, milimani, bila tiketi wala kiti, wakimshangilia wa kwanza na yule anayepita peke yake dakika ishirini baadaye. Huo ndio ushabiki tunaoutamani.

Tunalisema hili kwa sababu linatugusa hapa nyumbani. Mvumi ni nchi kame, na baiskeli kwetu ni chombo cha kazi. Kijana hufunga madumu manne ya maji, lita themanini, akasukuma kwenye mchanga wakati jua likiwaka, na wapo watu ambao chungu chao kisingepanda jikoni bila yeye. Hata hivyo tumewahi kumsikia mzazi akimkataa mchumba wa bintiye kwa neno moja: "Huyo si anabeba maji tu?" Neno hilo "tu" ndilo linalotuudhi.

Februari ijayo, basi, wenye simu wasingoje kilomita ya mwisho. Wafungue mapema, mbio zikiwa bado zimepoa, wamtafute yule anayerudi nyuma kwenye gari huku wenzake wote wakienda mbele. Ana namba mgongoni. Jina lake waliangalie katika orodha ya timu.