Vita ya 1813 iliyofika Lionja

Na Bakari Chilumba

Uliza mwaka 1813 alizaliwa nani, vitabu vitakujibu upesi: David Livingstone, Machi 19, Blantyre, Uskochi. Uliza vita, utapelekwa Leipzig, ambako Oktoba ya mwaka huo Napoleon alipigwa na Warusi, Waprusi, Waaustria na Waswidi, askari karibu nusu milioni kwa jumla.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa vita yetu ni ya Shela, kisiwani Lamu. (Wapo wanaoiweka 1812, hatugombani.) Wapate na Wamazrui wa Mombasa walishuka pale kuitia Lamu adabu, wakachapwa. Simulizi za Lamu zinasema walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Hata hivyo Walamu walihofia kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Akaleta liwali na askari, na tangu hapo hakubanduka pwani. Mombasa aliitwaa 1837. Mwaka 1840 akahamia Unguja, mashamba ya karafuu yakapanuka, nayo yakataka watu wa kuyalima. Wengi walitolewa bara ya Kilwa, kwa Wayao, Wanyasa, Wamwera na jirani zao, wakaswagwa hadi Kilwa Kivinje kupakiwa majahazini. Leipzig, kwa ukubwa wake wote, haikumchukua mtoto wa mtu huku.

Aliyezaliwa huku kwetu Lionja mwaka mmoja na Livingstone alikuwa na miaka 27 Said alipohamia Unguja, umri ambao mnunuzi aliutaka. Jina lake hatunalo. Livingstone mwenyewe alipita nchi ya Ruvuma mwaka 1866, akaandika kwamba alimkuta mwanamke amefungwa mtini kwa shingo, amekufa. Wenyeji wakamweleza kuwa alishindwa kwenda sawa na wenzake. Sababu ya kifo imehifadhiwa, na jina la msafiri. La marehemu, hapana.

Kwa hiyo walimu wa historia wa huku wasisubiri mtaala ubadilike. Livingstone wamfundishe, mtihani utamuuliza. Ila waanze na Shela, kisha wakati wa likizo kila mwanafunzi aulize bibi na babu majina ya ukoo, arudi nyuma mpaka mzee akwame, ayaandike na mahali kila mmoja alipozikwa, kama panajulikana. Daftari moja la kaunta kwa darasa linatosha, likae ofisi ya kata.