Akaunti Tunazo, Hela Je?

Vijana wenzetu wa Kusini, kila msimu tunaimbiwa wimbo uleule: mkulima wa korosho siku hizi analipwa benki, yuko kwenye mfumo rasmi, mambo safi. Akaunti hatuipingi. Zama za kulipwa mkononi mezani kwa karani tunazijua, na makato yake yasiyoeleweka.

Lakini muulize mkulima wa Mahurunga au Kilambo, huko Ruvuma inakokaribia baharini. Korosho kapeleka ghalani, zimeuzwa mnadani, stakabadhi anayo. Sasa anasubiri meseji. Wiki ya kwanza, ya pili. Ikija, tawi la benki liko Mtwara mjini: nauli, foleni, siku imekwisha. Wakala wa kijijini naye, siku ambayo watu wote wameingiziwa, kashi inamwishia mapema tu.

Kangomba anaishi humo humo kwenye kusubiri. Yeye hana fomu wala foleni. Anakuja mlangoni na noti mfukoni, anataja bei ya kutupa, na mama mwenye mgonjwa ndani anauza. Serikali inamwita mhujumu na kumkamata. Haya, nani mwingine angempa huyo mama hela jioni ile?

Tukumbuke 2018. Novemba 12 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilizidi ya wafanyabiashara, hilo tuseme ukweli. Ila 2019 iliingia, miezi ikapita, na wakulima wengi bado walikuwa wanadai. Akaunti walikuwa nazo, jamani! Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, hata anayekwepa safari ya mjini naye akakatwa.

Tunataka siku ya mwisho ya kumlipa mkulima baada ya mnada iandikwe, na anayechelewesha amlipe fidia. Anayetaka hela kwenye simu aipate huko, bila kukatwa akienda kuitoa. Na siku za malipo gari la benki lifike na kashi hadi kwenye AMCOS. Kama malori yaliweza kufika kuchukua korosho, barabara ipo.

Mkutano wa AMCOS ukiitishwa kijijini kwenu kabla ya msimu, msiwaachie wazee peke yao. Nendeni mkaulize hiyo tarehe, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.