Akina mama wa Uhuru Park walikuwa na hoja

KAULI YA JUMATANO
Na Zawadi Mwachiro

Wakitajwa akina mama wa Uhuru Park, waliodai wana wao waachiliwe gerezani, tunakimbilia kusimulia jinsi walivyovua nguo. Kisa ni cha kweli, tena kizito. Machi 3, 1992 polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, na baadhi yao wakajivua nguo mbele ya askari wa rika la wana wao. Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa akazirai. Lakini tukiishia hapo tunawapunja.

Desemba 1991 Bunge lilikuwa limefuta kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU chama pekee. Kupinga chama kimoja hakukuwa kosa tena. Mbona basi waliofungwa kwa sababu ya upinzani wangali gerezani? Ndilo swali walilompelekea Mkuu wa Sheria, Amos Wako, Februari 28, 1992, miongoni mwao Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi, mmoja wa wafungwa hao. Wakamwambia watawasubiri wana wao Uhuru Park, wakaanza mgomo wa kula.

Mahali penyewe palikuwa na maana. Ni bustani ile ile ambamo mwaka 1989 Maathai alipinga kujengwa kwa jumba la orofa 60, na iko kando ya barabara kuu, machoni pa Nairobi nzima.

Walipofurushwa walihamia kanisa la All Saints, hapo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima. Uchungu wa mama humtoa mtu nyumbani, sikatai. Kulala sakafuni miezi yote hiyo, polisi wakiwa nje, kunahitaji mpango, zamu na msimamo. Wanaume wakifanya hivyo tunawaita viongozi wa mapambano. Hawa tumewaita wazazi wenye majonzi, kana kwamba siasa iliwapitia tu. Mapema 1993, kwa hesabu ya Maathai, wafungwa 51 kati ya 52 waliachiliwa.

Kuwapunja wanawake katika siasa hakukuishia hapo. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutimiza hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Kwa hiyo mheshimiwa anayepanda jukwaani kuwasifu "mama zetu mashujaa" aulizwe papo hapo: mswada wa thuluthi mbili ulipoletwa Bungeni, ulipiga kura gani?