Mnyororo wa tairi na haki ya njia

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja mjini Kahama tulitoka msikitini tukakuta watu wamezunguka mchomoko, moja ya zile Probox ndogo ambazo ndizo miguu ya watu wa ukanda wetu wa dhahabu. Tairi lake la mbele lilikuwa limefungwa mnyororo. Dereva, kijana anayebeba abiria wa Kakola, alikuwa ameegesha kandokando ya barabara kabla ya khutba, akarejea baada ya salamu. Kando ya gari alisimama bibi mmoja aliyetoka hospitali pamoja na mjukuu wake, ambao walikuwa wamekubaliana na dereva kwamba wataondoka mara swala itakapomalizika.

Vijana wawili waliovaa vizibao vya reflekta walidai shilingi 50,000. Dereva akaomba, wakashuka hadi 30,000. Akaomba tena, akiwaeleza kwamba hesabu ya bosi ya siku hiyo haijafika hata nusu. Wakamwambia alete 20,000, lakini risiti asahau. Akalipa. Mnyororo ukafunguliwa, bibi akapanda, watu wakatawanyika. Hakuna aliyeuliza ni sheria gani iliyotumika. Nasi pia hatukuuliza, na jambo hilo limetusumbua tangu siku ile.

Kabla ya kumlaumu mtu mwingine, inatupasa tukiri yaliyo yetu. Miji yetu hii haikujengwa kwa ajili ya magari. Shinyanga mjini watu walizoea kupanda baiskeli za abiria. Magari yaliongezeka kwa kasi baada ya mgodi wa Geita kuanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, likiwa la kwanza la aina yake nchini, wanunuzi na wauzaji waliongezeka tena mjini humo. Barabara zimebaki zile zile, na siku ya Ijumaa Waislamu tunaziziba. Tunaegesha mbele ya duka la mtu, tunaegesha mlangoni mwa zahanati, tunaegesha safu mbili, kisha tunaingia kuswali kwa utulivu kama kwamba swala imetuhalalishia barabara ya watu wote.

Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana mahali pengine pa kukutana, aliwaamuru waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kujizuia kuwaudhi watu. Akafundisha pia kwamba kuondoa kitu chenye madhara njiani ni tawi la imani. Basi ikiwa kuondoa mwiba njiani ni katika imani, huyu anayeweka Fuso zima njiani na kwenda kusujudu ajiulize mwenyewe. Kamati za misikiti zingeweza kuteua vijana wanne tu wa kupanga magari kila Ijumaa na kuyaacha wazi maduka na njia za wagonjwa. Jambo hili halihitaji mchango wala mfadhili.

Baada ya kukiri hayo, tunauliza: mnyororo unaondoa madhara gani? Gari lililoziba njia, likifungwa tairi, litaendelea kuziba njia. Lingeondoka baada ya dakika kumi, sasa litakaa saa tatu mpaka pesa ipatikane. Ingekuwa nia ni kuifungua barabara, gari lingevutwa, au dereva angeitwa kwa kipaza sauti cha msikiti, ambacho kwa kawaida kipo hatua chache tu. Na gari lililoegeshwa bila kumziba yeyote, ila halijalipiwa ushuru, lina deni. Deni lina njia zake za kudaiwa.

Tusieleweke vibaya. Wapo ndugu wanaosema kwamba kila ushuru ni maksi, ile tozo ya dhuluma iliyokemewa na Mtume (S.A.W.), na kwa hiyo si dhambi kuukwepa. Sisi hatukubaliani nao. Eneo la kuegesha ni ardhi ya umma, limechongwa na kuwekwa lami kwa mali ya umma, na ada iliyowekwa kisheria kwa kulitumia inafanana na ujira wa huduma. Anayeegesha na kutoroka amekula haki ya watu wote wa mji. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, umeweka utaratibu wa kulipa ada za maegesho kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu au benki. Pesa ikipita njia hiyo, inajulikana imetoka kwa nani na imekwenda wapi. Shilingi 20,000 za yule dereva wa Kakola zilikwenda wapi? Faini inayoshuka kutoka 50,000 hadi 20,000 kwa kubembelezwa haikuandikwa popote. Hiyo ni bei, na bei ya sokoni hupatana watu wawili walio huru, hali ya kuwa mmoja wao hapa alikuwa amefungwa tairi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 138, imekataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria kama hiyo. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini sheria ndogo hupitia kwa Waziri na hutangazwa katika Gazeti la Serikali, ikiwa na namba yake na kiwango chake cha faini. Kwa hiyo mtu anayekufunga tairi anapaswa kuwa na mambo matatu: kitambulisho, sheria yenye namba, na risiti ya serikali. Muulize kwa upole. Usivunje mnyororo, usirushe ngumi, usimtukane mtoto wa mtu. Andika namba ya gari lake, piga picha, lipa ikibidi, kisha peleka malalamiko kwa mkurugenzi kwa maandishi. Akina mama ambao huachwa ndani ya gari na watoto wakati mume yupo dukani nao wayajue haya, kwani mara nyingi wao ndio hutishwa kwanza.

Hata hivyo, tatizo kubwa liko kwenye mkataba unaompa kampuni ya mtu binafsi sehemu ya kila faini anayoikusanya. Mtu huyo hanufaiki magari yakiegeshwa vizuri. Ananufaika yakiegeshwa vibaya. Mji wenye madereva watiifu ni hasara kwake. Ndiyo maana hukai ukamwona akimwelekeza mgeni aliyetoka Runzewe mahali pa kusimamisha gari. Humsubiri azime injini na aondoke, kisha hutoka na mnyororo wake.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani sana. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798, alimwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu kuhusu kodi ya ardhi, Kitabul Kharaj. Humo alimwonya dhidi ya kuwauzia watu binafsi haki ya kukusanya kodi. Hoja yake ni nyepesi kuielewa: aliyeinunua kazi hiyo atatafuta faida juu ya alichotoa, na katika kuitafuta atawatwisha raia wasichodaiwa, wala hatajali wakiangamia, maadamu yeye amepata chake. Hakufunga mlango wote. Aliruhusu pale ambapo watu wa mji wenyewe wameridhia mtu anayeaminika awasimamie, lakini kwa sharti kwamba awekwe juu yake msimamizi anayelipwa na hazina ya dola, ili azuie dhuluma. Halmashauri zetu zingeweza kulichukua sharti hili kama lilivyo. Je, ni ngapi zinazotuma ofisa wake mwenye mshahara kusimama na wakala barabarani siku nzima?

Juu ya faini yenyewe wanazuoni walihitilafiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kauli inayotegemewa ni kwamba mtu haadhibiwi kwa kunyang'anywa mali yake. Abu Yusuf imepokewa kwamba aliruhusu. Lakini baadhi ya wanazuoni wa Kihanafi waliifafanua ruhusa hiyo kuwa ni kuizuia mali ya mkosaji kwa muda ili ajirekebishe, kisha arudishiwe, na wala si mtawala kuichukua iwe yake. Walihofu kwamba mlango ukiachwa wazi, madhalimu watajifunza kula mali za watu kwa jina la adhabu. Hatusemi kwamba faini zote za barabarani zifutwe. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona adhabu ya mali inafaa, na nchi haiendeshwi bila faini. Tunalotaka lionekane ni kwamba hata walioruhusu waliiweka adhabu mikononi mwa mtawala na kadhi. Hakuna aliyesema iwe mikononi mwa mfanyabiashara.

Watu wa Shinyanga hawahitaji kusomeshwa hili kutoka Baghdad. Sungusungu walizaliwa huku huku, Kahama na maeneo ya jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda watu na polisi wakawa mbali. Walisaidia sana, nao wazee wanashuhudia. Lakini walipoanza kutoza faini wenyewe, malalamiko yalianza, na mwaka 1989 sheria ikabidi iwaweke chini ya mamlaka ya nchi. Hao walikuwa watu wa kijiji wanaojuana na wazee wao. Itakuwaje kwa kampuni ambayo mwenyewe hata hatumfahamu kwa sura?

Kuna jambo la pili ambalo limeanza kuonekana, nalo ni wenye maeneo yao binafsi, kama vile nyumba za wageni, viwanja vya maduka, hata baadhi ya hospitali, kuweka walinzi wenye minyororo. Mwenye kiwanja ana haki yake. Aliyeingiza gari humo bila idhini amekosea, na akiambiwa aondoe ni wajibu aondoe mara moja, na akiharibu kitu alipe. Lakini kosa lake halimpi mwenye kiwanja ruhusa ya kuikamata mali ya mwenziwe na kudai kiasi anachotaka. Uskochi, mwaka 1992, walinzi waliofunga magari katika kiwanja binafsi na kudai pauni 45 walifikishwa mahakamani, na mahakama kuu ya jinai ya huko ikaamua kwamba kudai pesa namna ile ni unyang'anyi wa vitisho, na kumnyima mtu gari lake ni wizi. England na Wales walichelewa. Huko sheria ilipitishwa mwaka 2012, na kuanzia Oktoba mosi mwaka huo kufunga gari katika ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria kukawa kosa la jinai. Mwenye ardhi anayedai chake aliachiwa njia ya mahakama ya madai. Viwanja vyao havikugeuka vurugu.

Sisi tuna mabaraza na mahakama za mwanzo hadi vijijini. Hata mdaiwa wa kweli, Qur'ani imeamrisha apewe muhula akiwa katika dhiki. Mnyororo hauna muhula. Haujui kama abiria ni mgonjwa, wala kama dereva ana shilingi mfukoni.

Wiki tatu baada ya tukio lile, mmoja wa wale vijana wawili alitujia baada ya swala ya Alasiri. Hatukumtambua bila kizibao chake. Ni mtoto wa jirani zetu, amesoma madrasa hapa hapa, na baba yake alifukiwa na kifusi katika machimbo madogo. Alisema, "Shehe, mimi sina mshahara. Kila tairi nikifunga ndiyo nakatiwa changu. Mama anakula humo. Nauliza, ni halali?"

Tulimwambia kwamba ujira wa kupanga magari na kuandika stakabadhi ni halali kabisa, na ashikamane nao akiupata. Sehemu ya faini iliyoandikwa katika sheria na kukatiwa risiti ina shaka ndani yake, naye ajitahidi kuihama. Ama ile isiyo na risiti, hiyo ni mali ya mwenyewe, na inarudishwa kwa mwenyewe akijulikana. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akatuuliza yule dereva wa Kakola hupakilia wapi, tukamwelekeza stendi.