Nguo ya Kuazima Haisitiri

Msimu wa tuzo za Hollywood ukifika, kurasa za burudani hujaa sifa za aina moja. Staa fulani kapita kwenye zulia jekundu na gauni la mwaka 1987, mwenzake kaja na la 1995, na maelezo chini ya picha yanatuambia kwamba wote wawili wana ladha ya hali ya juu, wanaienzi historia ya ushonaji na, zaidi ya yote, wanaihurumia dunia kwa kukataa kushonewa nguo mpya. Sifa hizo zimerudiwa mno hata hakuna anayezihoji. Mimi nazipinga. Gauni la zamani linalotolewa ghalani mwa kampuni ya mitindo, au kwenye kabati la kioo la makumbusho, likavaliwa jioni moja mbele ya kamera kisha likarudishwa lilikotoka, haliokoi mazingira wala haliilindi historia. Ni tangazo la biashara, na mara nyingine ni uharibifu.

Haki itendeke kwanza: jambo hili halikuanza kwa hila. Katika sherehe ya Oscar ya Machi 2001, Julia Roberts alipokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Erin Brockovich akiwa na gauni la Valentino lililokuwa limetimiza miaka tisa. Lilikuwa jeusi, lina mstari mweupe unaopanda kwa mbele na kugawanyika kifuani kuelekea mabegani kama herufi Y. Usiku huohuo Renée Zellweger alivaa gauni la manjano la miaka ya 1950, kazi ya Jean Dessès, Mgiriki mzaliwa wa Alexandria aliyefanya kazi Paris, na lilipatikana Lily et Cie, duka la nguo za zamani lililoko Beverly Hills. Wakati huo kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kuzoea kuwavisha mastaa bure ili nguo za msimu zionekane, Armani akiwa mstari wa mbele tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo mwanamke aliyetokea na nguo isiyouzwa tena dukani alikuwa anaukwepa mtego, japo kidogo. Watu walilipenda lile gauni la Roberts na wanalikumbuka hadi leo, na wala hapakuwa na aliyedai kwamba amepunguza joto la dunia.

Somo lilichukuliwa na wenye kampuni. Waligundua kwamba gauni lililolala sandukuni kwa robo karne linaweza kuzungumzwa kuliko jipya, kwa kuwa linakuja na hadithi yake. Tazama jina la Mugler. Thierry Mugler mwenyewe aliiacha kazi ya mitindo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2003 Clarins, waliokuwa wamiliki, wakafunga upande wa nguo. Jina likabaki likiishi kwa manukato, hasa yale ya Angel yaliyotoka mwaka 1992. Nguo zilifufuliwa baadaye. Februari 2019 Cardi B akafika kwenye tuzo za Grammy na gauni la Mugler la mwaka 1995: sehemu ya chini nyeusi iliyobana, kisha kuanzia kiunoni linafunguka kama kombe la baharini lenye satini ya waridi ndani, naye amesimama katikati na lulu kichwani. Mwezi uliofuata maonyesho makubwa ya kazi za Mugler yalifunguliwa Montreal. Mwaka huo haukwisha kabla L'Oréal haijaanza mazungumzo ya kuinunua Mugler kutoka kwa Clarins, na mwaka 2020 biashara ikakamilika. Sisemi kwamba kombe la Cardi B ndilo lililouza kampuni. Nasema kwamba ghala la nguo za kale ni mali inayofanya kazi, ina walinzi wake na hesabu zake, na halifunguliwi kwa sababu ya huruma. Februari 2024 Zendaya alipovaa London ile suti ya roboti ya mwaka 1995, ya chuma na plastiki angavu, alikuwa anazindua sehemu ya pili ya Dune. Filamu ikatangazwa, Mugler ikatangazwa, na sisi tukaambiwa tupige makofi kwa ajili ya mazingira.

Hayo mazingira yalipata nini? Anayedai kwamba gauni la kale linazuia jipya kushonwa anasahau kwamba magauni ya mastaa ni machache mno. Hata yote yasiposhonwa mwaka mzima, viwanda vya nguo havitahisi. Uzito wa zulia jekundu uko kwenye kuigwa, na hapo ndipo hoja yao inapowageukia. Februari hiyohiyo ya 2019 Kim Kardashian alivaa gauni la Mugler la mwaka 1998, jeusi, lililokatwakatwa kifuani. Saa chache baadaye nakala yake ilikuwa tayari inatangazwa mtandaoni na Fashion Nova, kampuni ya Marekani inayouza nguo za bei poa. Septemba mwaka huo Jennifer Lopez akatembea jukwaani Milan na toleo jipya la gauni la kijani la Versace alilolivaa kwenye Grammy za mwaka 2000, lile ambalo watu walilitafuta mno mtandaoni hadi likachochea Google kubuni utafutaji wa picha. Kufika Novemba, Versace walikuwa wameishitaki Fashion Nova kwa kuliiga. Gauni moja la kale, kwa hiyo, likiinuliwa mbele ya kamera, huzaa rundo la nguo mpya za kitambaa kinachotokana na mafuta ya petroli, zinazovaliwa mara mbili tatu na kuchokwa. Zikichokwa huko, sehemu yake hufungwa marobota na kuletwa kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba, Karume na Owino. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipokubaliana kuyapunguza marobota hayo hadi yaishe, Marekani ilitishia kuondoa nafuu za biashara. Nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikasimama, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Hesabu ya mazingira isiyofika hadi kwenye robota haijakamilika.

Dai la historia ndilo baya zaidi. Tarehe 19 Mei 1962, ukumbini Madison Square Garden, Marilyn Monroe alimwimbia Rais John F. Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa akiwa ndani ya gauni la Jean Louis, lililochorwa na Bob Mackie aliyekuwa kijana bado. Kitambaa chake kilikuwa hariri nyepesi kama utando, rangi karibu sawa na ngozi yake, na juu yake vilishonwa kwa mkono vito vya kioo zaidi ya 2,000, hivi kwamba taa zilipowaka ilionekana kana kwamba vito vimebandikwa mwilini. Lilishonwa kumfuata mwili yeye peke yake. Miezi michache baadaye alifariki. Mwaka 2016 kampuni ya Ripley's Believe It or Not! ililinunua mnadani kwa dola milioni 4.8, na tarehe 2 Mei 2022 Kim Kardashian akapanda nalo ngazi za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alieleza mwenyewe kwamba alipunguza kilo kama saba kwa wiki tatu ili limwingie. Hata hivyo halikufunga nyuma, pengo likafunikwa kwa manyoya meupe. Alipofika juu alilivua akavaa nakala. Wanaosifu uchache wa nguo wakumbuke hilo: usiku mmoja, mtu mmoja, gauni moja, na nakala yake iliyovaliwa ili la kwanza lipate kupumzika.

Mwezi uliofuata zilisambaa picha zilizoonekana kuonyesha vito vilivyopungua na kitambaa kilichochanika mgongoni. Ripley's wakakanusha, wakisema kasoro hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye ripoti ya miaka ya nyuma. Tuwaamini. Hoja yangu haihitaji mchaniko hata mmoja. Hariri ya miaka 60 huchoka kwa mwanga, kwa joto la mwili, kwa chumvi ya jasho na kwa kuvutwa; na gauni lililojaa vito linabeba uzito wake wote kwenye nyuzi zilezile zinazozeeka, ndiyo maana watunzaji hulilaza badala ya kulitundika na hupunguza taa hadi chumba kiwe na giza kiasi. Madhara mengi ya kuvaliwa hayaonekani siku ileile. Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilitoa tamko baada ya tukio hilo kwamba mavazi ya kihistoria hayapaswi kuvaliwa na mtu yeyote, awe mashuhuri au asiwe. Na kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba sherehe aliyokuwa akiiendea Kardashian usiku ule huchangisha fedha za idara ya mavazi ya Metropolitan, idara ambayo nguo zake hazivaliwi. Mwaka 2024 idara hiyo ilifanya maonyesho yaliyojumuisha magauni yaliyochakaa kiasi cha kutoweza kuvalishwa hata sanamu. Yalilazwa chini ya kioo, kwa maana yakisimamishwa yatamwagika.

Nitajibiwa kwamba nguo hushonwa ivaliwe, na kwamba kuifungia sandukuni ni kuizika. Ni hoja nzuri, na kwa nguo nyingi za zamani nakubaliana nayo kabisa. Gauni la miaka ya 1970 lililotoka kiwandani na wenzake mia, likinunuliwa leo na kupunguzwa kiuno na fundi mzuri, livaliwe hadi liishe. La Monroe ni jingine: liko peke yake, na ni ushahidi. Mwanafunzi wa ushonaji anataka kuona mshono wa ndani, namna hariri ilivyokatwa ili inyooke mwilini bila chupi wala sidiria chini yake, namna vito vilivyopangwa vizito hapa na vyepesi pale. Picha za ngazini hazimwonyeshi hayo. Zinamwonyesha Kim Kardashian, ambaye hakuwa na uhaba wa picha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema: hata kama nia ni biashara, vijana wanapomwona staa na nguo ya zamani, aibu ya kuvaa cha zamani inapungua. Laiti ingekuwa hivyo. Aibu inayowasumbua watu haiko kwenye umri wa nguo; kwetu mitumba imevaliwa vizazi na haishangazi mtu. Aibu ni ya kurudia. Harusi ya Dar es Salaam ina kicheni pati yake, sendofu yake na sherehe yenyewe, na kila moja ina sare yake. Anayetokea na gauni la harusi iliyopita anajua picha zitawekwa mtandaoni na wenye macho watalinganisha. Staa anayebadili gauni la kale kila wiki hakuigusa aibu hiyo hata kidogo. Ameithibitisha: hata vya zamani, usivae kimoja mara mbili.

Waliogusa aibu hiyo wapo, na hawakusifiwa kwa kiwango hichohicho. Rita Moreno aliposhinda Oscar mwaka 1962 kwa West Side Story alivaa gauni alilotengenezewa Manila na mshonaji Pitoy Moreno. Mwaka 2018 alirudi kwenye sherehe ileile na gauni lilelile, juu likiwa limekatwa na kuachwa mabega wazi. Ni lake, alilitunza, akaligusa kwa mkasi kama anavyofanya mwenye mali. Sherehe hiyohiyo Tiffany Haddish, ambaye baba yake alikuwa Mweritrea, aliingia na vazi la Kieritrea, kisha akapanda jukwaani na gauni jeupe la Alexander McQueen ambalo alikwisha kulivaa kwenye uzinduzi wa Girls Trip na kwenye kipindi cha Saturday Night Live. Alilinunua kwa dola zaidi ya 4,000 na akasema waziwazi kwamba ataendelea kulivaa, ingawa aliambiwa si desturi. Mwaka 2020 Jane Fonda, baada ya kutangaza kwamba hanunui tena nguo, alikabidhi tuzo ya filamu bora akiwa na gauni jekundu la Elie Saab alilolivaa Cannes mwaka 2014. Cate Blanchett naye hurudia, ingawa huyu ni balozi wa manukato ya Armani na gauni la Armani likirudiwa, Armani hutajwa tena. Hata hapo napendelea tangazo la nguo iliyorudiwa kuliko la nguo iliyoazimwa.

Mpaka wangu ni huo, na haupimwi kwa umri wa gauni. Mwenye nguo anayeivaa tena amefanya jambo ambalo msomaji wa kawaida anaweza kulifanya Jumamosi ijayo bila kumpigia simu mtunza ghala wa Paris. Aliyeazima kifaa cha makumbusho amefanya jambo ambalo hakuna msomaji anayeweza kuliiga isipokuwa kwa kununua nakala. Wahariri wa kurasa za burudani, wa Nairobi na wa Dar es Salaam, mnaozipokea picha hizi zikiwa na maelezo yaliyokwisha kuandikwa na watangazaji wa kampuni: futeni neno la mazingira, halafu andikeni gauni ni mali ya nani, na aliyelivaa amelivaa mara ya ngapi.