Jumapili Hii, Uwe Mgeni wa Mwanao

Natumai gazeti hili limekufikia kabla ya watoto kuligawana vipande vipande, huyu akachukua michezo, yule vichekesho. Kabla hujamaliza kikombe chako cha chai, nina swali moja dogo. Je, waweza kunitajia jambo moja ambalo mwanao analipenda kupindukia siku hizi? Sisemi chakula. Nasema ule wimbo, ile filamu, ile timu au yule mchekeshaji ambaye akimtaja tu macho yanamng'aa. Na je, yeye aweza kunitajia lako?

Niliwauliza wazazi kadhaa swali hili, wengine kwenye foleni ya matatu, wengine nje ya kanisa. Takriban wote walijua karo ya mtoto ni kiasi gani na viatu vyake ni nambari ngapi. Walipofika kwenye ushabiki, jibu likawa moja: "Ah, huyo ni simu tu." Ati simu tu! Ukimwona mtu amesimama dirishani saa nzima, hutasema anapenda dirisha. Utataka kujua anatazama nini huko nje.

Zamani mambo haya yalijipanga yenyewe. Redio ilikuwa moja nyumbani, na pengine moja katika ploti nzima. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na kwa miaka mingi kilisikilizwa na baba, mama, watoto na hata mpangaji wa chumba cha pili, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mabati. Runinga ilipoingia mitaani, watoto wa majirani walijaa sakafuni kutazama "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", na waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Hakuna aliyegombania kituo. Kituo kilikuwa kimoja hadi KTN ilipoanza mwaka 1990. Kesho yake shuleni, sokoni na kazini watu walikuwa na gumzo moja: Mzee Ojwang' amemfanyia Mama Kayai kituko gani tena.

Usidhani ninasifu uhaba. Redio ya siku hizo ilikuwa mali ya baba, na aliyeigusa bila ruhusa alikiona cha mtema kuni. Lakini uhaba ule ulitulazimisha kucheka pamoja. Leo hata kijana wa shule ya upili ana kioo chake mfukoni, naye mama ana chake, na baba chake. Watu wanne huketi sebuleni jioni nzima, kila mmoja akitabasamu peke yake. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, na hakuna anayejua mwenzake amechekeshwa na nini. Kuketi pamoja, ambako zamani kulikuja kwenyewe, sasa hakuna budi kuamuliwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu sisi huitumia methali hii tunapochinja kuku. Leo nakuomba uichukue kwa maana nyingine. Mtoto ambaye mzazi amekuja "kumtembelea" katika jambo alipendalo hugeuka kuwa mwenyeji. Ndiye ajuaye, ndiye aelezaye, ndiye akaribishaye. Na wakati mwingine, kweli kabisa, hupona.

Zamu ya kijana

Dada yangu ana mvulana wa miaka 15. Mwaka mzima malalamiko yalikuwa hayo hayo: kijana amekuwa bubu, akitoka shuleni anajifungia na simu, ukimsemesha anajibu neno moja. "Ongea naye wewe," dada akaniambia. "Mimi nimeshindwa."

Sikuongea naye. Nilimwomba anionyeshe anachotazama. Alinitazama kama niliyemwomba mswaki wake, kisha akasogea kidogo kitandani nikaketi. Ilikuwa filamu ya kareti ya zamani, iliyosimuliwa na DJ Afro. Kwa msomaji asiyemfahamu, DJ Afro ni Mkenya ambaye huchukua filamu za kigeni, ziwe za Kichina, za Kihindi au za Kimarekani, akazisimulia upya kwa Kiswahili kilichokolezwa Sheng. Huwabandika wahusika majina ya kwetu na kuwatia maneno ya kwetu kinywani. Kabla ya simu kuenea, kazi zake zilivuma katika vibanda vya video vya mitaani na vya vituo vya biashara mashambani. Sanaa yenyewe haiko Kenya pekee. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyependwa sana, na kule Uganda wasimulizi wa aina hii, ambao hufanya kazi kwa Kiganda, huitwa VJ.

Dakika 10 za kwanza sikuambulia kitu. Nikauliza stelingi ni yupi na adui ni yupi. Mvulana akasimamisha filamu akanieleza. Nikauliza kwa nini hapo amecheka. Akasimamisha tena. Kufikia katikati alikuwa anaongea kuliko DJ Afro mwenyewe, na mara akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye husimulia. Alikuwa amejirekodi mara nyingi, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

Nilisikiliza rekodi moja. Maneno yalitiririka kama maji. Ndipo akaniambia lililokuwa moyoni. Darasani hushikwa na kigugumizi. Tangu abadilishe shule, akisimama kujibu swali wenzake humwiga, na kwa hivyo aliamua kunyamaza, shuleni na hata nyumbani. Lakini akisimulia filamu, akiwa amevaa sauti ya mtu mwingine, kigugumizi humwacha.

Nimeandika haya kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala shule. Dada yangu alijua kwamba mwanawe alikuwa na kigugumizi utotoni na alidhani kilikwisha. Aliposikia, alinyamaza kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata aliketi pale pale nilipoketi mimi. Najua alicheka mahali pasipostahili, kwani mvulana alinipigia simu kunishtakia, na tuliongea kwa dakika 20. Baadaye dada alikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wa darasa. Kigugumizi hakijaisha, lakini mama sasa anajua anapigana na nini. Asingekijua kwa kumuuliza mtoto "una shida gani?" mlangoni.

Zamu ya mzazi

Nawe mzazi, ushabiki wako usiufiche kana kwamba ulizaliwa ukilipa bili. Mchukue mtoto akakuone ukipenda kitu.

Ukitaka mahali pa kuanzia jijini, yapo Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya Nairobi. Magarimoshi ya mvuke yamesimama pale nje, makubwa hata mtoto mkorofi huinamisha sauti. Mpeleke kwenye behewa ambamo afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala Juni 1900 katika stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu. Usingizi ulimchukua, simba akaingia, akamuua na kumtoa kupitia dirishani. Msimulie hadithi hiyo mkiwa mmesimama kando ya behewa lenyewe, uone kama ataikumbuka simu yake. Na kama babu yake aliwahi kuishi Muthurwa, mtaa uliokuwa wa wafanyakazi wa reli, hapo ndipo mahali pa kumweleza jinsi familia yenu ilivyoingia Nairobi.

Au mpeleke uwanjani. Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa fainali za CHAN, mashindano ya wanasoka wanaosakata katika ligi za nyumbani, Harambee Stars ilitupa Jumapili tatu tamu mfululizo huko Kasarani. Tarehe 3 iliilaza Kongo 1-0. Tarehe 10 iliichapa Morocco 1-0, ikiwa imebaki na wachezaji 10. Tarehe 17 ikaifunga Zambia 1-0. Kisha, Ijumaa tarehe 22, tukatoka sare ya 1-1 na Madagascar katika robo fainali na kutolewa kwa penalti 4-3.

Usiku huo nilirudi kwa matatu iliyojaa huzuni. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja na mjukuu wake, shati la mtoto limelowa machozi. Mzee akamwambia kwamba mwaka 1987 aliwahi kutoka Kasarani hivi hivi, Kenya ilipofungwa 1-0 na Misri katika fainali ya soka ya Michezo ya Afrika.

"Babu, ulilia?" mtoto akauliza.

"Nililia hadi Pangani," mzee akajibu.

Mtoto akafikiri, akachungulia nje. "Basi mimi nimeanzia hapa Roysambu. Nitaacha Pangani."

Matatu nzima ilicheka. Stars walikuwa wamepoteza, lakini mtoto yule alikwenda nyumbani akijua kwamba babu yake aliwahi kuwa kijana na aliwahi kuumia. Si haba kwa nauli ya siku moja.

Na zamu ya mama, je?

Hapa baba na watoto wanisikilize vizuri. Katika familia nyingi, "matembezi ya familia" kwa mama maana yake ni kuamka alfajiri kukaanga kuku, kubeba chupa ya chai, kumfuta mdogo makamasi, na kurudi kuosha vyombo. Kila mtu amefurahi, naye amefanya kazi ya siku mbili. Mmewahi kumuuliza anapenda nini?

Pengine ni filamu za Kihindi alizozitazama akiwa msichana, na bado anazijua nyimbo zake ijapokuwa hajui maana ya neno hata moja. Pengine ni zile tamthilia za Mexico, ambazo zikianza chakula huungua jikoni. Msimcheke. Keti naye, umwulize huyu analilia nini na yule amemkosea nani. Utashangaa kuona jinsi anavyowachambua watu, na huenda ukatambua kwamba hata wewe amekuchambua vivyo hivyo miaka yote na kukustahi. Siku ya zamu yake, kuku akaangwe na mwingine, au mle mandazi ya dukani. Hakuna aliyekufa kwa kula mandazi.

Najua mtakaloniuliza: pesa zitatoka wapi? Jiji letu ni ghali, na familia ya watu watano ikipanda matatu kwenda na kurudi, mfuko umetoboka. Lakini angalia: filamu ya yule mvulana ilitazamwa kitandani, na tamthilia ya mama iko sebuleni. Hata kutembea hadi kituoni ili mtoto akuonyeshe matatu zenye michoro anazozienzi, akutajie ipi ina muziki mnene na ipi imechorwa mwanasoka gani, hakugharimu ila mahindi ya kuchoma ya kugawana. Kinachokosekana mara nyingi ni subira.

Maana ugeni una adabu zake. Mgeni haingii nyumba ya watu akaanza kutukana samani. Ukishakubali kusikiliza muziki wa kijana, usiseme "hizi ni kelele" wimbo ukiwa bado unapigwa. Uliza kwanza. Usigeuze kila kitu kuwa somo la maadili, wala usiibe zamu kwa kusema "enzi zetu". Kama kuna jambo linalokutia wasiwasi katika kile anachotazama, liweke, mliongee mkirudi nyumbani kwa miguu. Nawe kijana, ukimkaribisha mzazi wako, usimwache akiangaa macho huku wewe ukiandikiana na marafiki. Mweleze. Nawe mwanafunzi uliye mbali na kwenu, bwenini au katika chumba cha kupanga, siku utakapompigia mama usiombe pesa kwanza. Mwulize kipindi chake kimefika wapi.

Msomaji wangu, shida kubwa za watoto wetu haziji zimevaa kengele. Mimba, dawa za kulevya, uonevu shuleni, madeni ya kamari za simu, yote hufika kimyakimya. Siku mtoto atakapotaka kukuambia, atapita njia ile ile aliyoizoea kupita akikuletea mambo madogo. Kama njia hiyo haijakanyagwa kwa vicheko vya filamu na machozi ya mpira, majani yameota, hataiona.

Basi mchana wa leo, watu wakishakula, mchague mmoja nyumbani umwambie: "Nionyeshe unachokipenda." Kisha nyamaza usikilize. Majaliwa, tukutane Jumapili ijayo.